Zamu Ndiyo Bidhaa: Gemu za Kijapani Upande wa Bara wa Mombasa

Gemu za Kijapani ziliingia Likoni, Kisauni na Changamwe kwa njia ya kibanda. Mwenye kibanda alitafuta PlayStation moja au mbili, akaziunganisha na televisheni, akapanga mabenchi, kisha akauza zamu. Aliyetaka kununua mashine yenyewe alivuka kwenda kisiwani, kwenye maduka ya vifaa vya umeme. Wapo wanaokiona kibanda hicho kama duka lililoshindwa kukua. Mimi naona kuuza zamu kulikuwa uamuzi wa kibiashara wenye hesabu sahihi, tena ndio ulioamua ni gemu zipi za Kijapani watu wa bara wangezizoea na zipi zingewapita.

Hesabu yenyewe ilikuwa hivi. Sony ilitoa PlayStation nchini Japani Desemba 1994 ikifuata desturi ya biashara hiyo: mashine huingizwa nyumbani, halafu pato kubwa hutokana na gemu zinazonunuliwa mwaka baada ya mwaka. Mombasa mambo yaligeuka. Kenya ilifuta leseni za kuagiza bidhaa mwaka 1993, na vifaa vya umeme vikaja kwa wepesi zaidi, vingi kupitia Dubai. Lakini ushuru, nauli na faida ya kila mkono uliopitiwa viliifanya mashine kuwa ghali. Ile iliyoundwa kwa soko la Japani ilihitaji pia transfoma, maana umeme wa huko ni wa volti 100 na wa Kenya ni 240. Diski, kwa upande wake, zilinakiliwa kwa bei ndogo, na mashine ilizisoma nakala hizo mara fundi alipokwisha kuitia chipu. Kilichokuwa adimu, basi, ni nafasi ya kushika padi, na mfanyabiashara mzuri huuza kilicho adimu.

Zamu ili iuzike lazima iwe na mwisho unaojulikana. Mechi ya Winning Eleven ya Konami, ambayo wengi waliijua kama Pro Evolution Soccer, hupangiwa dakika chache. Ikiisha, aliyefungwa anampisha mwingine. Tekken ya Namco huisha upesi zaidi. Final Fantasy VII ya mwaka 1997 ilijaza diski tatu kwa hadithi inayomtaka mchezaji mmoja kwa saa nyingi, huku benchi zima likisubiri. Kwa hiyo mtu akisema vijana wa Pwani walipenda mpira tu na kuchoshwa na hadithi, ushahidi unamkatalia. Kabla ya PlayStation kulikuwa na vibanda vya video, ambako watu walilipa kiingilio kutazama filamu za Kihindi na za karate kwenye kanda za VHS, mfumo uliotolewa na JVC ya Japani mwaka 1976. Hadithi walizipenda. Tofauti ni kwamba filamu moja hutazamwa na ukumbi mzima kwa pamoja.

Atakayepinga atasema huu ulikuwa umaskini tu. Ni kweli kwamba mapato ya bara yalichangia: mtu wa kibarua cha bandarini au muuzaji wa soko la Kongowea hupata fedha siku kwa siku, na huzitumia siku kwa siku. Lakini Taito ilipotoa Space Invaders mwaka 1978, Wajapani wenyewe waliicheza kwa kutumbukiza sarafu ya yen 100 kila zamu. Biashara ya gemu Japani ilikua kwa sarafu kabla mashine haijaenea sebuleni, na hakuna anayeiita historia hiyo ya kimaskini. Kisauni ilifikia mpango uleule kwa sababu zake yenyewe.

Pingamizi zito zaidi ni la wazazi na la sheria. Kibanda kinachompokea mwanafunzi saa za masomo kinakosea, na diski za kunakili zilivunja Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001. Makosa hayo yaitwe makosa. Hata hivyo, hayabatilishi ukweli kwamba hapa palikuwa na wafanyabiashara waliolipia umeme, waliotengeneza padi zilizochakaa na waliotuliza ugomvi wa zamu. Kutowahesabu kumeharibu hata takwimu zetu. PlayStation 2, iliyotoka mwaka 2000, iliuzwa zaidi ya milioni 150 duniani. Katika hesabu hiyo, mashine iliyochezewa na mtaa mzima wa Mishomoroni au Chaani ni sawa na ile ya mtoto mmoja chumbani mwake Osaka. Mtafiti akiitegemea, ataamua kwamba Afrika Mashariki haikucheza. Anayetaka ukweli awahoji wenye vibanda wakiwa bado hai, kwani wao ndio wanaojua zamu ngapi ziliuzwa, kwa bei gani, na kwa nani.