Hamira na Sukari Kwenye Tangi la Samaki: Jinsi ya Kutengeneza Hewa Ukaa Nyumbani Bila Kuua Samaki

Mimea ya kwenye tangi la samaki ikianza kupauka na kujaa ukungu wa kijani, wengi hukimbilia mbolea au taa kubwa zaidi. Mara nyingi kinachokosekana ni hewa ukaa, yaani kaboni dioksidi, ambayo ndiyo chakula kikuu cha mmea wowote wenye mwanga wa kutosha. Maji yaliyotulia wazi hubaki na kiasi kidogo sana cha gesi hiyo, mara nyingi chini ya miligramu 1 kwa lita. Wafugaji wanaotaka mimea minene hupandisha hadi miligramu 20 au 30.

Mijini kuna mitungi maalumu yenye regula na valvu. Kwa mfugaji wa Kasekese, wilaya ya Tanganyika mkoani Katavi, mtungi wa namna hiyo ni wa kuagiza mbali na gharama yake si ya mchezo. Hamira na sukari, lakini, zipo duka la jirani. Hamira ile ile inayoumua maandazi ndiyo inayotoa gesi, na kazi yake haina tofauti na inavyochemka pombe ya kienyeji ndani ya pipa.

Kabla ya kufungua pakiti ya hamira, kuna swali moja la kujibu: ndani ya tangi kuna samaki gani?

Samaki wa ziwani ni habari nyingine

Kasekese haiko mbali sana na Ziwa Tanganyika, na samaki wa mapambo wa ziwa hilo wanajulikana dunia nzima. Aina za jamii ya sikilidi peke yake ni zaidi ya 200, na karibu zote hazipatikani popote pengine. Tropheus anayekwangua mwani kwenye mawe, Julidochromis mwenye mistari, Cyphotilapia mwenye nundu kichwani, wote hao wafugaji wa Ulaya na Marekani huwalipia pesa nzuri.

Hao hawafai kuwekewa hewa ukaa. Maji ya Ziwa Tanganyika ni magumu na yana alkali, pH yake ikicheza kati ya 8.6 na 9.2 hivi. Hewa ukaa ikiyeyuka majini hutengeneza asidi dhaifu, na asidi hiyo hushusha pH. Kwenye maji yenye ugumu wa kaboneti wa digrii 16, ambao ni wa kawaida kwa ziwa hilo, kufikisha miligramu 30 za hewa ukaa kunaishusha pH hadi 7.2 hivi. Samaki aliyezaliwa kwenye 9 hawezi kuchukuliwa kama anahama chumba tu. Ni kama kumtoa mtu Karema ukamwacha kileleni Kilimanjaro usiku huo huo.

Kizuri ni kwamba ziwa lenyewe lina mimea inayojimudu bila msaada. Vallisneria, ile yenye majani marefu kama utepe, na Ceratophyllum yenye majani kama brashi ya chupa, zote zinaota ndani ya ziwa. Zina uwezo wa kuchukua kaboni kutoka kwenye bikaboneti iliyo ndani ya maji magumu, jambo ambalo mimea mingi ya dukani haiwezi. Mwenye tangi la samaki wa ziwani apande hizo, aache hamira kwa ajili ya maandazi. Tropheus watazitafuna kidogo, lakini hilo ni la kuvumilia.

Na kabla mtu hajashuka ziwani na wavu: kukamata samaki wa mapambo kunahitaji leseni chini ya Sheria ya Uvuvi Namba 22 ya mwaka 2003.

Hewa ukaa ya nyumbani inafaa zaidi kwa tangi la mimea lenye samaki waliozoea maji laini au ya kati, kama tetra, au tangi la mimea tupu. Mtindo huu unatosha tangi la lita 40 hadi 100. Likizidi hapo, chupa moja haitoshi na kuzidhibiti chupa nyingi ni kazi.

Vinavyohitajika

Chupa mbili za plastiki zilizokuwa na soda, moja ya lita 1.5 au 2 na nyingine ndogo ya nusu lita. Chupa ya soda ndiyo inayofaa kwa sababu imetengenezwa kuvumilia msukumo wa gesi. Chupa ya maji ya kunywa ni laini zaidi, na chupa ya kioo isitumike hata siku moja, maana ikipasuka inarusha vipande.

Mpira mwembamba. Wengi hutumia mpira wa dripu mpya kutoka duka la dawa, na ni chaguo zuri: unapinda bila kukatika, na kile kichupa chake cha kuhesabia matone kinafaa kuhesabia mapovu ya gesi. Hapa pana mtego, ila. Mpira wa dripu una kigurudumu cha kubana. Kwenye dripu ya hospitali kigurudumu hicho kinapunguza maji, lakini hamira haijui kupunguza kazi. Ukibana, gesi inaendelea kuzaliwa na kujikusanya hadi kifuniko kiruke au chupa ipasuke. Kigurudumu kiondolewe kabisa, ili hata mtoto asikichezee.

Kingine ni gundi ya silikoni ya kuziba tundu la kifuniko, na valvu ndogo ya njia moja, ile inayouzwa pamoja na pampu za hewa za matangi.

Kuchanganya

Kwenye chupa kubwa hutiwa sukari gramu 200, sawa na kikombe kimoja cha chai kilichojaa, kisha maji ya vuguvugu mpaka mabega ya chupa yanapoanza kupinda. Nafasi ya juu ibaki wazi kwa ajili ya povu. Sukari ikishayeyuka na maji yakiwa ya kugusika kwa mkono bila kuunguza, inaongezwa robo kijiko cha chai cha hamira. Maji ya moto huua hamira, na hilo ndilo kosa la kwanza la wengi.

Kosa la pili ni kuongeza hamira ili gesi iwe nyingi. Hamira nyingi hutoa gesi ya fujo siku tatu nne, halafu inakufa kwenye pombe yake yenyewe. Hamira kidogo hufanya kazi taratibu wiki mbili hadi tatu. Wengine huongeza nusu kijiko cha chai cha bikaboneti ya soda ili mchanganyiko usichachuke haraka. Isichanganywe na beking pauda, ambayo ina asidi ndani yake, wala na magadi.

Gramu 200 za sukari, zikichachuka zote, hutoa karibu gramu 100 za hewa ukaa, kama lita 50 za gesi. Zikigawanywa kwa wiki tatu, ni kiasi kinachoeleweka.

Mpira kutoka chupa kubwa unaingia chupa ndogo na kuzama kwenye maji yaliyojazwa nusu yake. Mpira wa pili unaanzia juu ya maji hayo, pale penye gesi tupu, na kwenda kwenye tangi. Chupa hii ya pili ndiyo inayokamata povu la pombe. Asiyeiweka ataijutia: mchanganyiko wa sukari na hamira ukiingia kwenye tangi, maji yanageuka meupe kama ya kuoshea mchele, bakteria wanazaliana na kumaliza oksijeni, na asubuhi samaki wanaelea.

Valvu ya njia moja inakaa kati ya chupa ndogo na tangi. Usiku wa baridi gesi husinyaa, na bila valvu maji ya tangi yanaweza kuvutwa kurudi kwenye chupa na kuendelea kutiririka hadi sakafuni.

Mapovu yataanza baada ya saa 12 hadi 24. Povu moja kila sekunde mbili au tatu linatosha tangi la lita 60. Mapovu yakiachiwa yapande moja kwa moja, mengi yanapotelea juu kabla hayajayeyuka. Njia rahisi ni kupindua kikombe kidogo cha plastiki ndani ya maji, kikabandikwa kwenye kioo, gesi ikusanyike chini yake na kuyeyuka polepole. Faida ya kikombe ni kwamba kikijaa, gesi ya ziada inatoka pembeni, kwa hiyo si rahisi kuzidisha.

Usiku ndipo samaki wanapokufa

Mchana mimea inakula hewa ukaa na kutoa oksijeni. Taa ikizimwa inageuka: inavuta oksijeni kama samaki na kutoa hewa ukaa. Mwenye mtungi hufunga valvu jioni. Mwenye hamira hana cha kufunga. Kwa hiyo pampu ya hewa yenye jiwe iwashwe taa inapozimwa, na izimwe asubuhi. Sehemu ambako umeme hukatika bila taarifa, ni salama zaidi kuchomoa mpira kutoka kwenye tangi kila jioni na kuuacha wazi nje. Gesi itapotea, lakini ni ya sukari ya bei ndogo.

Tahadhari zaidi inahitajika kwa wanaotumia maji ya mvua yaliyokingwa kwenye bati. Maji hayo hayana karibu bikaboneti yoyote ya kuzuia pH isiporomoke. Yachanganywe na maji ya kisima hadi ugumu wa kaboneti ufike digrii 4 angalau. Karatasi za kupimia zinatosha. Pima asubuhi kabla ya taa na tena jioni, wiki nzima ya kwanza.

Samaki wakionekana juu wanahema kwa haraka, hakuna haja ya kusubiri kipimo. Mpira uchomolewe, maji yatibuliwe kwa kikombe yakichotwa na kumwagwa kutoka juu, na theluthi moja ibadilishwe kwa maji ya joto lile lile. Wengi hupona ndani ya saa moja.

Gesi bila mwanga haina maana. Taa iwake saa 6 hadi 8 kwa siku. Zaidi ya hapo ni kulisha mwani. Mapovu yakipungua, chupa itikiswe kidogo ikiwa imetenganishwa na tangi. Yasiporudi, mchanganyiko umwagwe na mwingine uanze, ukiwa umetayarishwa siku moja kabla ili mimea isikae bila gesi. Mimea inayopunguzwa ikaushwe juani au ifukiwe shambani. Isitupwe mtoni wala ziwani, kwa sababu gugumaji nalo lililetwa Afrika kama ua la kupendezesha madimbwi.