Joto la Hospitali na Maji ya Moto ya Nyumbani

Hapa kwetu Singida, mama akiona uvimbe kwenye titi, mara nyingi ushauri wa kwanza ni akandwe kwa maji ya moto. Siku hizi ushauri huo umepata nguvu, maana zimeenea habari kwamba hata Ulaya na Marekani saratani ya matiti inatibiwa kwa joto. Habari hizo ni za kweli, lakini ni nusu ya habari.

Joto ni dawa ya kale. Maandishi ya Misri yenye umri wa zaidi ya miaka 3,500 yanataja uvimbe wa kifua kuchomwa moto. Mwaka 1866 daktari Mjerumani, Busch, alieleza jinsi uvimbe wa mgonjwa wake ulivyonywea baada ya homa kali. Mwaka 1891, mjini New York, William Coley akaanza kuwadunga wagonjwa vijidudu makusudi ili wapate homa. Ilikuwa tiba ya hatari.

Vita Kuu ya Pili ikaleta jambo jipya. Mwaka 1940, huko Birmingham, Uingereza, ilibuniwa mashine ya kutoa mawimbi makali ya maikrowevu kwa ajili ya rada. Mawimbi hayo ni ndugu wa haya yanayokuletea sauti yangu. Baadaye madaktari waliyatumia kupasha uvimbe joto la nyuzi 41 hadi 43 hivi. Joto hilo haliunguzi. Huzidhoofisha chembe za saratani ili mionzi izimalize.

Mwaka 1996 yalitolewa matokeo ya majaribio matano yaliyohusu wagonjwa 306. Kwa waliopata mionzi peke yake, uvimbe ulitoweka kabisa kwa asilimia 41. Kwa waliopata mionzi pamoja na joto, ni asilimia 59. Hata hivyo, joto halikuwaongezea siku za kuishi.

Ndugu msikilizaji, hapo ndipo penye fundisho. Joto ni msaidizi wa mionzi, si mbadala wake. Na maji ya moto huishia kwenye ngozi. Desturi ya kukanda haikuzuka bure, kwani titi la mama anayenyonyesha likijaa maziwa, humpa nafuu. Lakini uvimbe wa saratani mwanzoni mara nyingi hauumi, kwa hiyo nafuu si kipimo.

Mwaka huohuo wa 1996, Bunge letu lilipitisha sheria ya kuanzisha Taasisi ya Saratani Ocean Road, katika hospitali iliyofunguliwa na Wajerumani mwaka 1897. Kutoka Singida hadi huko ni karibu kilometa 700. Miaka ya karibuni mionzi inapatikana pia Bugando, Mwanza. Safari bado ni ndefu, na nauli mara nyingi imo mikononi mwa baba.

Basi akina baba, mama akisema ameona uvimbe, msimwambie akande kwanza. Mpelekeni hospitali apimwe. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.