Barafuto: Barafu Inayotembea

Katika vioski vya Raila, Kibera, kama ilivyo Kawangware, neno barafu halihitaji maelezo. Ni juisi iliyogandishwa ambayo mtoto huinunua akitoka shule, na ndiyo inayofunika samaki wasiharibike. Theluji nayo inajulikana kwa picha na filamu. Lakini mwanafunzi wa sekondari akifungua kitabu cha jiografia hukutana na kitu cha tatu, ambacho si barafu ya friji wala si theluji inayodondoka. Ndicho kilichochonga mabonde ya Mlima Kenya, na mabaki yake bado yako kileleni. Kwa Kiswahili kinaitwa barafuto.

Neno hili limeundwa kwa kuunganisha barafu na mto. Ni nomino ya ngeli ya I-ZI: barafuto hii imesogea, barafuto hizi zimepungua. Maana yake ni tungamo kubwa la barafu juu ya nchi kavu, linalosogea kwa uzito wake lenyewe. Asili yake ni theluji. Pale ambapo theluji inayoanguka inazidi ile inayoyeyuka, tabaka la mwaka huu hulalia la mwaka jana, hewa hukamuliwa, chembe hushikamana, na hatimaye theluji hugeuka barafu ngumu yenye rangi ya samawati. Unene ukifika makumi ya mita, barafu hiyo haitulii tena. Hutambaa kuelekea bondeni kama donge la unga wa chapati lililoachwa kwenye ubao ulioinama: jicho halilioni likienda, lakini ukirudi utalikuta limeshuka. Juu hulishwa na theluji, chini huyeyuka, na njiani hukwangua miamba na kubeba mawe.

Yapo majina mengine yanayotumika. Wengi husema theluji ya mlimani, lakini theluji ya usiku mmoja inaweza kuyeyuka kabla ya adhuhuri, ilhali barafuto ni kazi ya miaka mingi. Wengine husema barafu tu, neno ambalo halitofautishi kilele cha mlima na friji ya kioski. Mto wa barafu linakaribia, ila msomaji anaweza kudhani ni mto wa maji ulioganda. Barafuto ni neno moja, na mwendo umo ndani yake. Kwa hiyo ninalitetea: istilahi nzuri humpa msomaji nusu ya ufafanuzi kabla hujaanza kumfafanulia.

Haja ya jina hilo ni ya zamani. Tarehe 11 Mei 1848, mmisionari Johannes Rebmann, akisafiri kutoka Rabai, aliona weupe juu ya Kilimanjaro. Kiongozi wake wa safari aliuita baridi tu. Mtu huyo alitaja kile alichokijua kwa mwili wake, na hakukosea. Huko London, mwanajiografia William Desborough Cooley alikataa kusadiki kwamba theluji yaweza kukaa karibu na ikweta. Leo tunajua kwamba Afrika ina barafuto katika milima mitatu: Kilimanjaro, Mlima Kenya na Ruwenzori.

Anayetaka kuiona iliyo karibu zaidi na Nairobi hupanda Mlima Kenya kwa njia ya Naro Moru, akiwa na kiongozi anayejua mlima. Hupita Bonde la Teleki, ambalo umbo lake la herufi U ni alama ya barafuto iliyopita hapo zamani, kisha hukaribia Barafuto ya Lewis, chini ya kilele cha Lenana chenye mita 4,985. Huku kwenye ikweta hakuna msimu wa baridi wa miezi mitatu. Mlimani baridi kali huja kila usiku, na jua la asubuhi huiondoa.

Aislandi, ambako ziara za maporomoko ya maji, barafuto na mapango ya barafu zimekuwa biashara kubwa, majira ndiyo huamua. Maporomoko kama Skógafoss, yenye kimo cha mita 60 hivi, hutazamwa mwaka mzima. Mapango yaliyo ndani ya barafuto ya Vatnajökull hutembelewa hasa kati ya Novemba na Machi, kwa sababu mengi yalichongwa na maji yaliyoyeyuka, na joto likirudi maji huanza tena kupita na paa hulegea. Hapa pia istilahi yetu inasaidia. Pango lililo ndani ya barafuto tuliite pango la barafuto, na pango la mwamba lililoingiwa na barafu tuliite pango la barafu. Katika la kwanza, kuta zenyewe zinasogea, na kiongozi hulikagua upya kila mara.

Kwa kuwa mwendo ndio uhai wa barafuto, ikiacha kusogea imekufa, hata kama barafu imebaki. Mwaka 2014 wataalamu wa Aislandi waliiondoa Okjökull katika orodha ya barafuto kwa sababu ilikuwa nyembamba mno isiweze kujisukuma. Mwaka 2019 watu walipanda kuiwekea kibao cha kumbukumbu. Barafuto yetu ya Lewis ilipoteza takriban asilimia 90 ya ujazo wake kati ya 1934 na 2010. Mwaka 2022 UNESCO ilitahadharisha kuwa za Mlima Kenya na Kilimanjaro huenda zisiwepo ifikapo 2050.

Usahihi huu wa maneno unamhusu hata anayenunua maji kwa mtungi wa lita 20 pale Raila. Husemwa kwamba theluji ya Mlima Kenya ikiisha, mifereji ya Nairobi itakauka. Sivyo. Sehemu kubwa ya maji ya jiji hutoka bwawa la Ndakaini, linalojazwa na mvua na mito ya misitu ya Aberdare. Kupotea kwa barafuto ni ushahidi kwamba hali ya hewa inabadilika. Kukatwa kwa msitu ndiko kunakogusa mtungi moja kwa moja. Mwalimu akiwafundisha wanafunzi wake neno barafuto pamoja na maana yake, watajua kipi cha kuomboleza na kipi cha kulinda sasa hivi.