Kamba ya Matterhorn

Wasiopanda majabali hupata habari za kazi hiyo kwa magazeti na sinema, na hivi viwili hupenda kamba iliyokatwa kuliko kamba iliyokatika. Tofauti ya vitenzi hivyo ni ndogo mdomoni. Lakini kwa Peter Taugwalder, kiongozi wa wapanda milima wa Zermatt katika Uswisi, ilikuwa tofauti ya heshima na aibu.

Tarehe 14 Julai 1865 watu saba walifika kilele cha Matterhorn, ambacho hakikuwa kimekanyagwa na mtu kabla yao. Walipokuwa wakishuka, Hadow, kijana asiyezoea majabali, aliteleza akamwangusha Michel Croz, na uzito wao ukawavuta Hudson na Francis Douglas. Taugwalder alikumbatia mwamba. Kamba baina yake na Douglas, iliyokuwa dhaifu kuliko nyingine walizokuwa nazo, ikakatika, wanne wakaangamia. Walisalia Taugwalder, mwanawe, na Mwingereza Edward Whymper.

Haukupita muda ikavuma kwamba Taugwalder aliikata kamba ili ajiokoe. Uvumi huo hausimami hata kidogo: anayekokotwa ghafla na uzito wa watu wanne mikono yake yote miwili imo jiweni, wala hana nafasi ya kutafuta kisu. Uchunguzi uliofanywa Zermatt mwezi uo huo haukumtia hatiani. Whymper naye alikana habari ya kisu. Lakini katika kitabu chake cha mwaka 1871 alidokeza kwamba, kama mzee alihofu ajali, kamba dhaifu kuwa mahali pale ilimfaa. Kidokezo cha namna hiyo huumiza kuliko shutuma, maana hakijibiki.

Mwaka 1938 zilitoka sinema mbili za kisa hicho, ya Kijerumani na ya Kiingereza, Luis Trenker akiigiza Jean-Antoine Carrel. Humo anayeshutumiwa kukata kamba ni Whymper, na Carrel hupanda mlima kwenda kuleta kamba iwe ushahidi. Carrel wa kweli alifika kileleni kwa upande wa Italia tarehe 17 Julai 1865, kwa shabaha yake mwenyewe. Na kipande kilichobaki, ambacho kimehifadhiwa katika makumbusho ya Zermatt, kiliteremshwa na hao hao walionusurika. Basi watazamaji walipewa mtuhumiwa mwingine na mwokozi asiyekuwako. Taugwalder, aliyeibeba tuhuma yenyewe, alikuwa amekufa tangu mwaka 1888.