Uteuzi wa majaji na uhai wa mtoto aliye tumboni: mwamini anaweza kusema nini, na kwa nani?

Mwamini wa Mpanda anayefuatilia habari za ulimwengu redioni husikia mara kwa mara kwamba huko Marekani raia huwaandikia maseneta wao na kuwapigia simu, wakiwasihi wamkatae mtu aliyependekezwa na Rais kuwa jaji wa Mahakama ya Juu, na kwamba kiini cha mvutano ni utoaji mimba. Ni halali ajiulize iwapo jambo la namna hiyo lipo kwetu. Jaji wa Tanzania hupatikanaje? Je, mlei Mkatoliki ana nafasi ya kusema lolote kabla ya jaji huyo kula kiapo? Hayo ndiyo tunayokusudia kuyafafanua.

Tuanze na Marekani yenyewe, ili ieleweke kwa nini kelele zake ni kubwa. Katika nchi hiyo Rais humpendekeza jaji, lakini Baraza la Seneti ndilo linalomthibitisha kwa kura, na akishaapa hukaa katika kiti hicho maisha yake yote. Tarehe 22 Januari 1973 Mahakama ya Juu ilitamka kwamba Katiba inalinda haki ya kutoa mimba. Hukumu hiyo ikadumu kwa karibu miaka 50, hadi mahakama hiyo hiyo ilipoitengua tarehe 24 Juni 2022 na kuyarudisha maamuzi mikononi mwa wananchi na wawakilishi wao. Kati ya tarehe hizo mbili baadhi ya uteuzi ulipiganiwa vikali. Mwaka 1987 Robert Bork alikataliwa kwa kura 58 dhidi ya 42, watetezi wa utoaji mimba wakiwa mstari wa mbele kumpinga. Mwaka 2020 Amy Coney Barrett, mama Mkatoliki, alithibitishwa kwa kura 52 dhidi ya 48, licha ya maseneta kusihiwa sana wamkatae.

Hapa ipo habari ambayo wengi hawaijui. Kiti alichokosa Bork kilikwenda kwa Anthony Kennedy, Mkatoliki, na mwaka 1992 Kennedy huyo akawa miongoni mwa majaji walioitegemeza hukumu ya 1973. Wanaodhani kwamba cheti cha ubatizo cha jaji kinatosha kuwahakikishia hukumu wanayoitaka wangefaa kuitafakari habari hiyo kwa utulivu.

Jirani zetu wa Kenya ndio walio karibu zaidi na utaratibu huo, na yaliyowapata yanatuhusu kuliko ya Marekani. Katiba yao, iliyopitishwa kwa kura ya maoni tarehe 4 Agosti 2010, inatamka katika ibara ya 26 kwamba uhai wa mtu huanza pale mimba inapotungwa. Ibara hiyo hiyo inakataza utoaji mimba, isipokuwa pale mtaalamu wa afya anapoona kwamba inahitajika tiba ya dharura, au uhai au afya ya mama iko hatarini, au sheria nyingine iliyoandikwa inaruhusu. Maaskofu Katoliki wa Kenya waliipinga Katiba hiyo kwa sababu ya mlango huo, wakiona kwamba neno «afya» ni pana mno na kwamba maana yake itakuja kuamuliwa na majaji.

Mwaka uliofuata, majaji wenyewe wakaanza kuchaguliwa. Kadiri ya ibara ya 166, Jaji Mkuu na Naibu wake hupendekezwa na Tume ya Huduma za Mahakama, kisha Bunge huidhinisha kabla ya Rais kuwateua. Mwezi Mei 2011 Tume ilimpendekeza Dkt. Willy Mutunga pamoja na Nancy Baraza. Baadhi ya viongozi wa Makanisa waliwasihi wabunge wawakatae, wakitaja mashaka juu ya misimamo yao kuhusu familia na maadili. Kwa bahati mbaya, sehemu kubwa ya mjadala huo ilimezwa na kipuli alichovaa Mutunga sikioni. Bunge likawaidhinisha wote wawili mwezi Juni. Kwa maoni yetu, kipuli kilichukua nafasi ya swali zito: mteule anaisomaje ibara ya 26, na nani atamlinda mtoto ambaye hawezi kuweka wakili?

Swali hilo halikuchelewa kurudi. Juni 2019 jopo la majaji watano wa Mahakama Kuu jijini Nairobi liliamua kwamba mwanamke aliyebakwa anaweza kutolewa mimba iwapo uhai au afya yake iko hatarini. Machi 2022 Mahakama Kuu huko Malindi ikaenda mbali zaidi, ikiitaja huduma ya utoaji mimba kuwa ni haki ya msingi. Majaji waliotoa hukumu hizo ni wa ngazi ambayo hata nchini Kenya haipitishwi bungeni.

Kwetu Tanzania mlango huo haupo kabisa. Ibara ya 109 ya Katiba ya mwaka 1977 inampa Rais mamlaka ya kuwateua majaji wa Mahakama Kuu baada ya kushauriana na Tume ya Utumishi wa Mahakama. Ibara ya 118 inasema Rais humteua Jaji Mkuu, na huwateua majaji wa Mahakama ya Rufani baada ya kushauriana na Jaji Mkuu. Bunge linalomthibitisha Waziri Mkuu kwa kura halina kura juu ya jaji hata mmoja. Kwa hiyo, ujumbe unaosambazwa kwenye simu ukiwataka Wakatoliki wamshinikize mbunge «amkatae jaji» hauna msingi wa kisheria, kwa kuwa mbunge huyo hana chombo cha kumkatalia. Kumwendea jaji mwenyewe kuhusu shauri lililo mezani pake ni kosa kubwa zaidi, maana ibara ya 107B inamtaka awe huru, azingatie Katiba na sheria tu.

Hii haimaanishi kwamba majaji ni jambo la mbali na Katavi. Mwaka 2016 Mahakama Kuu iliamua kwamba vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, vilivyoruhusu binti kuozwa akiwa na miaka 15, na hata 14 kwa ruhusa ya mahakama, vinakwenda kinyume cha Katiba. Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo Oktoba 2019. Kwa mkoa wetu, ambako utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015–16 ulionyesha kuwa wasichana 45 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 19 walikwisha kuzaa au walikuwa wajawazito, wakati wastani wa nchi ulikuwa 27, hukumu hiyo iligusa nyumba nyingi. Tuliipokea kwa furaha. Lakini kalamu iliyoweza kufuta kifungu cha ndoa inaweza pia kuombwa ifute vifungu vya 150 hadi 152 vya Kanuni ya Adhabu, ambavyo vinakataza utoaji mimba. Sababu zaweza kutafutwa katika Itifaki ya Maputo ya mwaka 2003, ambayo Tanzania iliiridhia mwaka 2007 na ambayo kifungu chake cha 14 kinataka utoaji mimba uruhusiwe katika mazingira kadhaa. Kenya na Uganda ziliweka pingamizi juu ya sehemu hiyo, Tanzania haikuweka. Baba Mtakatifu Benedikto wa XVI alikitaja kifungu hicho kwa masikitiko katika hotuba yake jijini Luanda mwaka 2009.

Basi sauti ya mlei ielekezwe wapi? Sheria hutungwa bungeni, na Mtakatifu Yohane Paulo II katika *Evangelium Vitae*, namba 73, anafundisha kwamba si halali kamwe kuiunga mkono au kuipigia kura sheria inayoruhusu utoaji mimba. Mbunge wetu anaweza kuulizwa hilo waziwazi, kwa heshima, na jibu lake likakumbukwa. Mchakato wa Katiba mpya, uliokwama mwaka 2015 kabla ya kura ya maoni, ukifufuliwa utakuwa wakati wa kusema iwapo majaji wapimwe hadharani. Sisi tunaona inafaa, ilimradi wapimwe kwa sheria na uadilifu, si kwa dini wala mavazi.

Tena, binti wa Majimoto au Karema aliyepata mimba akiwa kidato cha pili hangoji uteuzi wa jaji yeyote. Anaangalia kama baba atamfukuza, na kama shule itampokea. Tangu Novemba 2021 Serikali inaruhusu mwanafunzi aliyejifungua arudi katika shule yake, na wazazi wengi bado hawalijui hilo. Viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo walitangaze, na WAWATA wamsindikize binti huyo hadi kwa mkuu wa shule. Kwa aliyekwisha kutoa mimba na anayeogopa kukaribia kitubio, Papa Fransisko mwaka 2016 alimpa kila padre mamlaka ya kumwondolea dhambi hiyo. Haitaji kusafiri hadi kwa Askofu, paroko wake anatosha.