Njia ya Dzaleka: Mizizi ya Uhamaji wa Waafrika Kabla ya Utandawazi

Msafiri anayetoka Lilongwe kuelekea kaskazini, baada ya mwendo wa kilomita zipatazo 45, hufika Wilaya ya Dowa ilipo kambi ya wakimbizi ya Dzaleka. Wenyeji wa Dowa ni Wachewa na lugha yao ni Chichewa. Hata hivyo, katika soko la Dzaleka lugha inayowaunganisha watu ni Kiswahili. Mkongo wa Kivu humuuzia Mrundi maharage kwa Kiswahili, na Mnyarwanda huwanyoa wote wawili kwa lugha hiyo hiyo. Wengi wao wanatazamia kupelekwa Kanada, Australia, Ulaya au Marekani, na wapo waliosubiri kwa zaidi ya miaka 10.

Siku hizi imekuwa kawaida kuieleza hamu hii kwa neno moja tu, yaani utandawazi. Inasemwa kwamba vijana wetu wameona picha za Ulaya katika simu na intaneti, wakavutiwa, wakafunga safari. Katika makala haya tunadai kwamba maelezo hayo yanaanzia mwisho wa hadithi. Simu imeionyesha njia tu. Njia yenyewe ilikwisha kupasuliwa zamani. Hoja yetu ni kwamba tangu karne ya 19 mali ya sehemu hii ya Afrika imekuwa ikitoka bila kizuizi, ilhali watu wake wamekuwa wakihamishwa au kuzuiwa kufuatana na mahitaji ya wengine.

Enzi ya misafara

Kaskazini-mashariki ya Dowa, kwenye ufuko wa Ziwa Malawi, upo mji wa Nkhotakota. Katika miaka ya 1840 mfanyabiashara kutoka pwani, Salim bin Abdallah, alijenga ngome yake hapo na kuanzisha utawala uliojulikana kwa cheo cha Jumbe. Watumwa na pembe za ndovu walivushwa ziwa kwa majahazi, kisha wakaongozwa kwa miguu hadi Kilwa, na kutoka huko wengi walipelekwa Unguja. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, lakini biashara ya bara iliendelea kwa miaka kadhaa. Huko Karonga, Mlozi alishindwa na Waingereza mwaka 1895.

Misafara mingine ilipita Tabora na Ujiji hadi Manyema, mashariki ya Kongo, ambako Tippu Tip alijipatia utajiri mkubwa. Ndiyo maana Kiswahili kinasemwa Malawi kando ya ziwa, na ndiyo maana kinasemwa Kongo. Sisi tunaofundisha lugha hii hatuna budi kulisema jambo hili waziwazi: Kiswahili kilifika bara kikiwa lugha ya biashara, na miongoni mwa bidhaa za biashara hiyo walikuwamo watu. Mkongo anayezungumza Kiswahili Dzaleka leo anaitumia lugha iliyofika kwao kwa njia moja na kufika Nkhotakota kwa njia nyingine. Njia hizo mbili sasa zimekutana kambini.

Kodi, mikataba na migodi

Baada ya Mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885 haja ya wenye mitaji ilibadilika. Badala ya kumtoa mtu na kumpeleka ng'ambo, sasa alihitajika afanye kazi Afrika kwa ajili ya viwanda vya Ulaya. Minyororo ikabadilishwa na kodi. Nchi ya Malawi iliwekwa chini ya ulinzi wa Uingereza mwaka 1891, na kodi ya kibanda ikafuata. Asiyekuwa na fedha alilazimika kuitafuta shambani kwa Mzungu. Waliokaa katika ardhi ya walowezi walilipa kwa kazi, katika mfumo ulioitwa thangata. Vita Vikuu vya Kwanza vilipoanza, maelfu wakachukuliwa kuwa wapagazi, ambao Malawi wanakumbukwa kwa jina la tengatenga. John Chilembwe alipinga waziwazi Waafrika kufa katika vita visivyo vyao, na Januari 1915 akaongoza maasi ya Chiradzulu, akauawa. Wenzao tengatenga wa Kenya na Tanganyika wametuachia jina la Kariakoo.

Baadaye vijana wa Malawi walichukuliwa kwa mikataba kwenda migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini. Shirika la uajiri liliitwa Wenela vinywani mwa watu, na waliokwenda wakapotelea huko waliitwa machona. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 walikuwa zaidi ya 100,000 migodini. Aprili 1974 ndege iliyobeba wafanyakazi hao ilianguka Francistown, Botswana, na watu zaidi ya 70 wakafa. Rais Kamuzu Banda akasimamisha uajiri huo kwa miaka kadhaa.

Kongo nako hali ilikuwa hivyo hivyo. Kampuni ya Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906 kuchimba shaba ya Katanga, ilileta wafanyakazi kutoka mbali, wakiwamo watu wa Rwanda na Burundi. Kiswahili kikawa lugha ya mgodi. Kwa hiyo kuchanganyika kwa Wakongo, Warundi na Wanyarwanda hakukuanzia Dzaleka.

Isisahaulike pia kwamba Ulaya nayo imewahi kukimbilia kwetu. Kuanzia mwaka 1942 maelfu ya raia wa Poland walioondoka Urusi kupitia Uajemi walipokewa Afrika Mashariki. Wapatao 5,000 waliishi Tengeru, karibu na Arusha, na wengine Masindi na Koja nchini Uganda. Makaburi yao Tengeru yapo hadi leo.

Kutoka gereza hadi kambi

Dzaleka yenyewe ilikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa katika enzi ya Banda. Jina lake linahusishwa na maneno ya Chichewa yenye maana ya "nitaacha", kana kwamba mfungwa anaahidi kutorudia. Mwaka 1994, utawala wa Banda ulipofikia kikomo na mauaji ya kimbari yakitokea Rwanda, mahali hapo pakageuzwa kambi. Iliandaliwa kwa watu wapatao 10,000 hadi 12,000. Vita vya Kongo vya 1996 na 1998 na vita vya Burundi viliongeza idadi, na sasa kuna zaidi ya 50,000.

Ni haki kukiri kwamba Malawi imebeba mzigo mkubwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, ikiwa na wananchi takriban milioni 10, ilihifadhi zaidi ya wakimbizi milioni 1 kutoka Msumbiji. Pamoja na hayo, ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 mwaka 1987, iliweka masharti kuhusu ajira, elimu na mahali pa kuishi. Mwaka 2023 serikali iliwaamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi na kufanya biashara mijini warudi Dzaleka, na mwezi Mei polisi wakaanza kuwakamata Lilongwe. Wafanyabiashara wenyeji walikuwa wamelalamikia ushindani, na malalamiko ya mtu maskini si ya kupuuzwa. Lakini aliyefungiwa duka Lilongwe hana budi kutazama mbali zaidi. Hamu ya kwenda Ulaya huzaliwa pale mlango wa karibu unapofungwa.

Utandawazi ni wa nani?

Hapa ndipo utandawazi unapojitokeza sura yake. Mwaka 2000 bei ya koltani, madini yanayotumika katika simu na kompyuta, ilipanda sana katika soko la dunia, na makundi yenye silaha yakagombea machimbo ya Kivu. Madini hayo hufika Asia na Ulaya bila kuulizwa viza. Mtu aliyefukuzwa kijijini kwa sababu yake anasubiri Dowa. Tangu mwaka 2010 Wajesuiti wamewezesha vijana wa Dzaleka kusoma kwa intaneti na kupata diploma ya chuo kikuu cha Marekani. Cheti kimevuka bahari kumfuata mwanafunzi, lakini mwenye cheti haruhusiwi kwenda kufanya kazi Lilongwe apendavyo.

Njia halali nazo ni nyembamba. Januari 2025 Marekani ilisimamisha mpango wake wa kuwapokea wakimbizi. Njia za magendo zina gharama yake: Machi 2020 Waethiopia 64 walikutwa wamekufa ndani ya kontena la lori huko Tete, Msumbiji, lori lililotokea Malawi, na Oktoba 2022 kaburi la pamoja la Waethiopia lilifukuliwa Mzimba. Hao walikuwa wakielekea kusini, si Ulaya. Waafrika wengi wanaohama hubaki ndani ya Afrika. Wanaofika Ulaya ni sehemu ndogo ya msafara mrefu.

Tunahitimisha kwa jambo linalotuhusu sisi walimu na wanafunzi wa Kiswahili. Mtumwa, mpagazi, manamba, mkimbizi, mhamiaji haramu: kila enzi imempa mtu huyu jina jipya. Neno mkimbizi linatuambia kwamba mtu amekimbia, ila halituambii amekimbizwa na nini. Neno haramu linamhukumu kabla hajasema. Tangu Agosti 2019 Kiswahili ni lugha rasmi ya SADC, na huenda siku moja sheria za uhamiaji za ukanda huu zikaandikwa kwa lugha yetu. Watakaoziandika na kuzitafsiri ndio hawa walio madarasani mwetu sasa. Tuwafundishe maneno hayo pamoja na historia yake, ili watakapomwita mtu jina wajue wanamwita nani, na alianzia wapi safari yake.