Mizani ya Kijapani katika Uimbaji wa Utada Hikaru

Utada Hikaru alipotoa wimbo "Automatic" Desemba 1998, akiwa na umri wa miaka 15, wengi walimpokea kama mjumbe aliyeiingiza R&B ya Marekani nchini Japani. Alizaliwa New York mwaka 1983, akakulia kati ya jiji hilo na Tokyo, na Kiingereza kilimkaa mdomoni sawa na Kijapani. Hata hivyo, makala haya yanashikilia kwamba mchango wake mkuu umo katika lugha: aliichezesha mizani ya Kijapani katika mdundo ambao haikuuzoea.

Anayehesabu mizani za ushairi wa Kiswahili ataielewa hoja hii upesi. Kwetu "mtu" ni mizani mbili, kwa kuwa m yake inasimama peke yake. Kijapani kina hesabu kama hiyo: "shinbun", yaani gazeti, ni mizani nne, shi-n-bu-n. Katika utunzi uliozoeleka, kila mizani hupewa noti yake, na neno hutimia kabla ya pumzi. Utada aliikiuka kaida hiyo. Mwanzoni mwa "Automatic", neno lenye maana ya mlio wa simu limekatwa katikati: sehemu ya kwanza inafunga kipande kimoja cha muziki, ya pili inafungua kinachofuata. Washairi wetu wanaujua mshororo mshata, ambao maana yake hukamilikia katika mshororo unaofuata. Hapa umishata umeingia ndani ya neno lenyewe. Sikio linabaki likingoja, na katika kungoja huko mdundo unazaliwa.

Yupo atakayedai kwamba huo ni ufundi wa Marekani uliovikwa maneno ya Kijapani. Ni kweli kwamba midundo ilitoka huko. Lakini mkato huu unashtua kwa sababu msikilizaji wa Kijapani anaijua hesabu inayovunjwa. Albamu ya Kijapani "First Love" ya mwaka 1999 iliuza zaidi ya nakala milioni 7 nchini Japani. "Exodus" ya mwaka 2004, iliyoimbwa kwa Kiingereza, ilifika nafasi ya 160 tu katika chati ya Billboard ya Marekani. Mauzo hayapimi sanaa, ila yanadokeza mahali sauti hii ilipokuwa na mizizi.

Mizizi hiyo ilikuwa pia ya kifamilia. Mama yake, Fuji Keiko, alikuwa nyota wa enka, mtindo wa uimbaji wa Kijapani. Mwaka 1970 albamu zake mbili za kwanza zilishika nafasi ya kwanza katika chati ya albamu ya Japani kwa wiki 37 mfululizo. Enka huivuta mizani moja na kuipitisha katika noti nyingi zenye mtetemo. Mama aliinyoosha mizani, mtoto akaikata.

Mwaka 2013, Utada akiwa mapumzikoni, Fuji alifariki. Albamu "Fantôme" ya mwaka 2016 ina "Hanataba wo Kimi ni", wimbo kwa ajili ya mama huyo. Unaanza na asubuhi ambapo mtu asiyezoea kujipodoa amepakwa poda kidogo. Polepole tunatambua kwamba uso huo umeandaliwa kwa safari ya mwisho. Msiba haujatajwa; umeachiwa maneno ya kila siku, yaliyopangwa kwa utulivu. Aliyewahi kukata neno vipande sasa analiacha litimie, kwa kuwa anayeagwa anastahili neno zima.